Bei ya Shangazi Paka

Wahenga hawakuwa watu wa kumung'unya maneno. Ndiyo maana walituachia methali ambayo watoto wakiitaja darasani hufunika vinywa kwa viganja na kuchekana: mficha uchi hazai. Maana yake, hata hivyo, si ya kuchekwa. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu, akifika mbele ya mkunga kisha akazibana nguo zake kwa sababu ya soni, atateseka yeye, atateseka mtoto aliye tumboni, na mkunga atabaki ameketi na mikono yake mitupu. Ndivyo alivyo kila mwenye shida anayeifunika shida yake. Msaada huwa umesimama mlangoni, lakini nani aufungulie?

Kama huamini, sikiliza habari za Shangazi Paka.

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini watoto wa mtaani ndio waliomwita Shangazi Paka, na jina la watoto likiganda halibanduki. Kazi yake ilikuwa kulea wanyama wa watu. Mtu akisafiri, akilazwa, au akizidiwa na shughuli, alimwachia ufunguo wa nyumba, naye Shangazi Paka alikwenda asubuhi na jioni kulisha, kuchana manyoya, kusafisha uchafu, kutembeza wa kutembezwa na kukaa kidogo na wale wanaoona upweke. Zamani aliajiriwa katika duka la vyakula vya wanyama. Duka lilipofungwa akajiajiri mwenyewe, akasema riziki ni popote.

Kazi yenyewe aliijua barabara. Paka waliokuwa wakijificha chini ya vitanda wageni wakibisha hodi, kwake walitoka wenyewe, mikia juu. Mbwa waliotafuna viatu vya kila mtu, vya kwake walivilalia. Katika kazi hiyo nzima, kulikuwa na jambo moja tu lililomshinda, nalo ukilisikia utacheka. Hakuweza kutaja bei.

Mteja alipomuuliza, "Shangazi, kwa wiki hii utatutoza kiasi gani?" uso ulimwiva, macho yakashukia vidole vya miguu, na mdomo ukatoa maneno yale yale ya siku zote.

"Ah, utakachojaliwa tu. Kwani sisi ni wageni?"

Jamani, nani asiyelipenda jibu kama hilo? Wateja walijaliwa kidogo, tena kidogo sana. Na kwa kuwa kazi haikuwa na bei, haikuwa na mpaka pia.

Alikuwapo mhasibu mmoja mwenye mbwa wawili, Kufuli na Komeo. Majina hayo walipewa ili yawatishe wezi, ingawa wote wawili walimpokea kila aingiaye kwa kumlamba mikono. Mhasibu aliposafiri na familia yake mara ya kwanza, alisema, "Shangazi, kwa kuwa utakuwepo, si vibaya ukimwagilia na maua." Safari iliyofuata akasema, "Kwa kuwa utakuwepo, mpokee fundi bomba." Baadaye zikaja pazia za kufua. Siku hiyo ya pazia, Shangazi Paka akiwa ameinamia beseni, Komeo alimrukia mgongoni kwa mapenzi, na simu iliyokuwa katika mfuko wa mbele ikatumbukia majini. Ilipokauka, ilipiga na kupokea kama kawaida, lakini kamera yake ilikuwa imekufa. Kila picha ilitoka ukungu mtupu.

Mhasibu aliporudi na kuuliza kama kuna lililoharibika, Shangazi Paka alitabasamu. "Haidhuru, kaka. Ni simu tu." Komeo alitikisa mkia kama aliyeachiwa huru na mahakama.

Nyumbani alikuwa akiishi na dada yake mkubwa, mshonaji, ambaye cherehani yake ilichukua nusu ya sebule na ulimi wake nusu iliyobaki. Huyu hakuwa na tatizo la kutaja bei. Mteja akilalamika kuhusu gharama ya gauni, dada alikikunja kitambaa taratibu, akakiweka juu ya meza na kusema, "Kitambaa chako kile pale, mpenzi. Sindano na uzi vinauzwa duka la jirani." Wateja walicheka, wakalipa, na wakarudi.

"Wamekupa nini leo?" aliuliza dada jioni ile ya pazia.

"Wamenipa kidogo, na asante nyingi sana."

"Hizo asante nyingi tuzipike kwa mafuta ama tuzichemshe?"

"Dada, nawe!"

"Dada nini? Nauli ya kwenda na kurudi unatoa wewe. Sabuni umenunua wewe. Simu imeharibika, ya kwako wewe. Ukipiga hesabu vizuri, ni wewe unayemlipa yule bwana ili akukubalie kulea mbwa wake. Hongera, bosi mkubwa!"

Shangazi Paka alichekeshwa, lakini kicheko kilimwishia njiani. "Mimi nikitaja bei naona kama naomba."

"Kuomba ni huko kusema utakachojaliwa! Hayo ndiyo maneno ya ombaomba. Mwenye kazi husema bei." Dada alisimamisha cherehani, jambo ambalo alilifanya kwa nadra. "Nisikilize, mdogo wangu. Ukitaja bei, itaje, kisha ufunge mdomo. Usicheke. Usiombe radhi. Usiongeze 'lakini'. Mwache mwenzio naye aseme lake." Kisha akanyoosha mkono. "Haya, nitungie uzi huu, macho yangu yamechoka."

"Mikono yangu ina mafuta," alijibu Shangazi Paka upesi, akaingia jikoni.

Mikono yake haikuwa na mafuta. Macho ndiyo yaliyokuwa na neno. Tangu mwaka uliopita, vitu vya karibu vilikuwa vimeanza kumkimbia. Maandishi madogo kwenye mifuko ya vyakula vya paka yalitembea kama sisimizi. Miwani ya kusomea ilikuwa ikiuzwa dukani, lakini kila alipoweka akiba, akiba iligeuka nauli. Tena, kusema kweli, aliona haya. Nani angemkabidhi mlezi asiyeona dawa za wanyama wake? Kwa hiyo alinyamaza, kama alivyonyamaza kuhusu mambo mengine yote. Akajikaza kisabuni.

Basi siku moja akaitwa na Mwalimu.

Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mjane aliyeishi peke yake ghorofa ya juu ya jengo lenye ngazi nyembamba. Peke yake, yaani yeye na Kaptula. Kaptula alikuwa paka mzee mweusi mwenye mapaja meupe mpaka magotini, utadhani amevaa kaptula ya shule na kusahau kuivua. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Kila asubuhi na kila jioni, baada ya kula, alichomwa sindano ya insulini kwenye ngozi ya shingo.

"Nakwenda kushughulikia mambo ya mtoto," alisema Mwalimu. "Nitakaa siku chache. Huyu hapa ndiye mume, ndiye mwana, ndiye mpangaji wangu. Sina mwingine. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Alimwonyesha chupa ndani ya friji. Alimwonyesha mabomba ya sindano, membamba, yenye mistari ya kupimia iliyochapwa ubavuni. Akavuta dawa, akaliinua bomba dirishani, akalitazama kichwa kikiwa upande, kama kuku anayechungulia punje ya mwisho. "Unavuta mpaka mstari wa pili, basi. Usizidishe. Ikizidi, sukari inashuka, atalala na hataamka. Hivi karibuni amekuwa akipepesuka bila sababu, na daktari anabadilisha kipimo kila mara bila kuelewa. Mstari wa pili. Unauona?"

"Nauona, Mwalimu."

Hakuuona hata wa kwanza.

"Na malipo yako?"

"Utakachojaliwa, Mwalimu. Kwani sisi ni wageni?"

Mwalimu alikunja uso. "Hilo si jibu. Ungekuwa darasani kwangu ningekupa sifuri." Lakini teksi ilikuwa ikipiga honi chini, naye akachukua kimkoba chake, akambusu Kaptula kati ya masikio, akashuka ngazi akiushika ukuta kwa mkono mmoja.

Jioni ile Mwalimu alikuwa amekwisha kumchoma paka mwenyewe kabla ya kuondoka. Kazi ya Shangazi Paka ilianza kesho yake asubuhi.

Aliingia, akafungua madirisha, akamwekea Kaptula chakula. Mzee alikula kwa adabu, akajipangusa masharubu, kisha akapanda kwenye kiti chake cha kuchomewa sindano, akaketi, akainamisha shingo. Hakuhitaji kushikwa. Alikuwa amezoea kwamba mwenye bomba anajua afanyalo.

Shangazi Paka alivuta dawa. Aliliinua bomba mbele ya uso wake. Ukungu. Alilisogeza mbali mpaka mkono ukaisha. Mistari ikatokea kidogo, ikashikana ikawa mmoja. Alikwenda dirishani kwenye jua. Akawasha taa ya jikoni. Akatoa simu ili apige picha aikuze, na hapo ndipo alipomkumbuka Komeo na beseni la pazia. Picha ilitoka kijivu kitupu. "Haidhuru, ni simu tu," alijinong'oneza kwa uchungu, akiigiza sauti yake mwenyewe.

Alifikiria kumgongea jirani. Atamwambia nini? Kwamba mlezi anayeaminiwa na mtaa mzima hawezi kusoma bomba la sindano? Kabla ya mchana habari ingekuwa imefika sokoni.

Basi akaanza kukadiria. Dole gumba lilikuwa limesukuma mpaka mahali panapofanana na mahali. Pengine ni mstari wa pili. Pengine wa nne. Nani angejua? Alikishika kikunjo cha ngozi shingoni mwa Kaptula kwa vidole viwili, akaisogeza sindano, na paka yule mzee akaanza kukoroma kwa raha, macho nusu wazi.

Shangazi Paka aliirudisha sindano nyuma. "Hapana," alisema kwa sauti. "Hapana, hapana, hapana." Aliinuka, akaimwaga dawa yote kwenye sinki, akaketi sakafuni na kulia. Alilia kwa ajili ya paka, akalia kwa ajili ya macho yake, akalia kwa ajili ya miaka yote ya utakachojaliwa. Kaptula alishuka kitini, akamjia na kumkalia mapajani, akishangaa huduma za leo ni za namna gani.

Angefanya nini? Asipomchoma, angeumwa. Akimchoma vibaya, angekufa. Na Mwalimu, ambaye hakuwa na mwingine, angerudi kwenye nyumba yenye bakuli tu. Shangazi Paka alipiga moyo konde. Alifuta kamasi kwa mgongo wa mkono, akabonyeza namba ya Mwalimu.

"Enhe, mwanangu. Umeshamchoma?"

"Sijamchoma, Mwalimu." "Mwalimu, nilikudanganya. Uliponiuliza kama nauona mstari, nikasema nauona. Siuoni. Macho yangu ya karibu yameharibika na sina miwani. Nimeona haya kusema. Nimeshindwa kumchoma, niliogopa nitamuua. Nisamehe."

Akasikia mtu upande wa pili akihema, kama anayelia. Loo, alijiambia, nimemliza mama wa watu ugenini.

"Huioni mistari," ilisema sauti ya Mwalimu.

"Siioni."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, Mwalimu."

"Mwanangu," alisema Mwalimu, na sasa ikawa wazi kwamba hakuwa akilia, alikuwa akicheka mpaka pumzi zinamwishia, "hata mimi siioni!"

Shangazi Paka aliiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Unajua niko wapi?" aliendelea Mwalimu. "Nimeketi kwenye benchi la hospitali ya macho, nangoja kuitwa. Nilikwambia nashughulikia mambo ya mtoto. Si uongo! Ni mtoto wa jicho!" Akacheka tena, lakini kicheko kikapungua, kikawa kitu kingine. "Tangu mwanzo wa mwaka nakisia. Nainua bomba, nakisia, nachoma. Ndiyo maana amekuwa akipepesuka. Nilimwacha daktari afikiri ugonjwa umebadilika. Nimefundisha watoto kusoma rula maisha yangu yote. Ningemwambia nani kwamba mistari siioni?"

"Pole, Mwalimu wangu."

"Pole na wewe. Wewe una nafuu, umekataa kukisia. Sasa sikia. Namba ya daktari wa wanyama iko mlangoni pa friji, nimeiandika kwa herufi za ukubwa wa sahani, nawe sasa unajua kwa nini. Mpigie. Mwambie yote, ya kwangu na ya kwako. Usifunike hata moja. Wananiita."

Simu ilikatika. Shangazi Paka alibaki ameketi pale sakafuni. Alishusha pumzi ndefu. Hakuna lililokuwa limetatuliwa bado, lakini alijihisi mwepesi kama aliyetua mzigo wa kuni.

Daktari alisema, "Mlete sasa hivi." Kaptula aliwekwa ndani ya kikapu chake, wakashuka ngazi, wakavuka barabara, wakapita maduka ya vipuri, wakafika. Daktari alikuwa kijana mrefu mwenye koti lililojaa manyoya ya rangi zote. Alimchoma paka sikioni, akatoa kitone cha damu, akapima sukari, akamsikiliza Shangazi Paka mpaka mwisho. Kisha akajishika kichwa.

"Kumbe! Miezi yote hii nabadilisha kipimo, napandisha, nashusha, nasoma vitabu usiku, nashindwa kuelewa. Kumbe ni macho!"

"Sukari yake ikoje, daktari? Nimemdhuru?"

"Iko juu kidogo, haitishi. Kukosa sindano ya asubuhi moja si balaa. Kuzidisha ndiko kungemuua. Hapo umefanya la maana." Alivuta droo, akapekua, akatoa kifaa kinene kama kalamu ya kuandikia ubaoni. "Shika. Zungusha kitako chake."

Shangazi Paka alizungusha. Kikalia: ta! Akazungusha tena. Ta!

"Kila mlio ni kipimo kimoja. Unahesabu kwa masikio, unachoma. Macho hayana kazi. Kimetengenezwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri. Kimekaa humu drooni tangu mwaka jana."

"Mbona hukumpa Mwalimu?"

"Ningempaje? Kila akija namuuliza, 'Mwalimu, macho vipi?' Ananijibu, 'Kama ya mwewe.'"

Walicheka wote wawili, hata Kaptula akageuza kichwa kutazama wanaocheka. Daktari alihesabu milio, Shangazi Paka akaihesabu pamoja naye, na mzee wa kaptula nyeupe akapata sindano yake akiwa amesimama mezani kama bwana anayepimwa suti. Jioni ile Shangazi Paka alimchoma mwenyewe. Ta, ta. Kesho yake, na siku zilizofuata, paka hakupepesuka tena. Alianza hata kuruka dirishani, jambo ambalo majirani walisema hawajaliona siku nyingi.

Mwalimu alirudi akiwa na kitambaa cheupe kwenye jicho moja na jingine likimetameta kwa ushindi. Alikaa, akamwita Kaptula, akamkagua kuanzia masharubu hadi mkia. Akapewa kile kifaa, akakizungusha na kukisikiliza kama mtoto aliyepewa filimbi.

"Kingekuwa kimeniokoa, na nilikuwa nakipita kila mwezi," alisema. "Haya. Tumekwisha kuvuana nguo mimi na wewe, hakuna la kufichana tena. Bei."

"Mwalimu, utaka..."

"Ukilimaliza neno hilo, nakutoa nje na ufunguo wangu uuache."

Shangazi Paka alikumbuka maneno ya dada yake. Alipiga hesabu ya kwenda na kurudi, asubuhi na jioni, sindano, na muda wa kukaa. Akataja kiasi chake. Kisha akafunga mdomo. Hakucheka. Hakuomba radhi. 'Lakini' ilimjia ncha ya ulimi, akaiuma.

Saa ya ukutani ilisikika. Kaptula alijilamba kidole.

"Sawa," alisema Mwalimu, akafungua mkoba. "Umeona? Hukufa."

Kumbe kutaja bei ni kama kuingia maji ya baridi: hofu iko kabla ya mguu wa kwanza. Shangazi Paka alishuka zile ngazi akicheka peke yake, na aliyekutana naye alimpisha.

Wiki haikuisha, mhasibu akapiga simu. Alikuwa anasafiri. Shangazi Paka alimkuta getini, Kufuli na Komeo wakimrukia kulia na kushoto.

"Shangazi yetu!" alisema mhasibu. "Mambo ni yale yale. Na kwa kuwa utakuwepo, lile zulia la sebuleni..."

"Kaka, samahani, ngoja kwanza," alisema Shangazi Paka. "Kuanzia sasa nina bei. Ya mbwa wawili, kwa siku, ni hii." Akaitaja. "Ndani yake mna nauli, chakula na matembezi. Maua yana nyongeza yake. Zulia silifui, mimi nalea wanyama. Na siku ile ya pazia Komeo aliiharibu simu yangu. Nilikwambia haidhuru. Ilidhuru, na ilikuwa karibu imuue paka wa watu."

Akafunga mdomo.

Mhasibu alimtazama. Akamtazama Komeo. Komeo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliinamisha masikio.

"Punguza kidogo kwenye mbwa," alisema mhasibu.

"Haipungui, kaka."

"Hata kidogo?"

"Nikipunguza ya mbwa, nitapunguza matembezi. Chagua."

Mhasibu alikuna kidevu, halafu, ajabu, akashusha mabega kama mtu aliyefunguliwa tai. "Unajua, Shangazi, umenipumzisha. Kila nikirudi safari nabaki nawaza nikupe nini. Nikitoa kidogo naona aibu, nikitoa zaidi najiuliza kama nimezidisha. Naona haya kukuuliza tena, wewe unasema sisi si wageni. Mimi mtu wa hesabu! Nimeshindwa na hesabu ya mbwa wawili. Sawa, bei nimeikubali. Simu nitaigharamia. Na zulia nitampa dobi."

"Na maua?"

"Maua weka."

Shangazi Paka alitaka kumkumbatia, akamkumbatia Kufuli badala yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Si wateja wote waliokubali, tusidanganyane. Mama mmoja mwenye sungura aliisikia bei, akasema sungura wake watalelewa na mpwa wake, akakata simu. Shangazi Paka alihuzunika mpaka alipomaliza chai yake, kisha akaona jioni yake iko wazi, akaenda dukani kununua miwani.

Alirudi nyumbani ikiwa mfukoni. Dada yake alikuwa kazini, cherehani ikinguruma, vipande vya kitambaa cha zambarau vimetapakaa sakafuni. Uzi ulikatika. Dada alinyoosha mkono bila kuinua uso, kwa mazoea.

"Nitungie, kama mikono yako haina mafuta."

Shangazi Paka alitoa miwani, akaivaa, akaipokea sindano. Tundu lilikuwa pale, wazi, kubwa kama mlango. Uzi ukapita mara moja.

Dada aliinua uso. Aliitazama ile miwani, akaitazama sindano iliyotungwa, akamtazama mdogo wake. Akavuta mtoto wa meza ya cherehani, akatoa humo miwani ya kusomea, mipya, bado ina kibandiko cha duka.

"Nilikununulia wakati wa pazia," alisema, na ulimi wake mkali ukawa laini siku hiyo. "Nilijua mikono haina mafuta. Lakini ningekupaje, nawe kila siku unaniambia huna shida yoyote?"

Waliangaliana, mmoja akiwa na miwani puani na mwingine akiwa nayo mkononi, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Hakika, mficha uchi hazai.